Nimeingia dukani mara tatu, nikatoka na kanga mkononi

SWALI: Shikamoo mama mshauri. Nina miaka 48, naishi Ngamiani hapa Tanga, nina watoto wanne, wawili wameshajitegemea. Kila alfajiri nakaanga chapati na vitumbua, ikifika saa nne nimeshauza nimemaliza. Jambo langu linachekesha kidogo, ila mimi mwenyewe halinichekeshi. Tangu usichana wangu natunga majina ya kanga. Ninazo kaunta buku mbili zimejaa, majina zaidi ya 200, na mengine nimeyachorea pindo na mji wake kwa kalamu za rangi za watoto. Ndoto yangu ni siku moja nimwone mwanamke nisiyemjua anapita barabarani kajifunga kanga yangu. Basi.

Mara tatu nimekwenda kwenye duka la jumla la kanga, daftari liko ndani ya mkoba. Mara zote nikifika kaunta moyo unanidunda, mikono inapoa, mdomo unakauka. Nikiulizwa "Karibu mama, nikupe ipi?" nanyooshea kidole kanga yoyote, nalipa, natoka. Nimeshanunua doti tatu nisizozihitaji. Mume wangu anasema kanga zinatungwa na wenye viwanda, si wakaanga chapati. Mwaka juzi tuligombana akachana kurasa mbili, baadaye akaniomba radhi. Dada yangu ananiambia umri umekwenda, nitulie nilee wajukuu. Nina 380,000 kwenye kibubu, mbali na hisa zangu za kikoba. Naogopa nisije nikawa kituko cha mtaa. Siku hizi hata usingizi unanipaa. Nitaupata wapi ujasiri? Au niliache tu jambo hili? Nimekuambatanishia picha ya ukurasa mmoja uone.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilipofika kwenye doti tatu nilicheka, nisamehe. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu niliona kwamba zile doti tatu ndizo barua yenyewe, mengine yote ni maelezo. Nitazirudia baadaye.

Unaniuliza utaupata wapi ujasiri. Tazama kwanza ulichoniandikia. Umetoka nyumbani kwako na daftari kwenye mkoba, ukafika mlangoni, ukaingia, ukasimama mbele ya kaunta. Si mara moja. Ulipotoka umeshindwa ukarudi, na uliposhindwa tena ukarudi tena. Asiye na ujasiri harudi mara ya pili. Nimekaa na watu wengi katika kazi yangu hii ya ushauri, na wengi wenye ndoto kama yako hawajawahi hata kufika kwenye kona ya barabara lilipo duka. Kwa hiyo ujasiri unao. Kinachokukwamisha ni kitu kingine, na tukikitibu kama ukosefu wa ujasiri tutakuwa tunapaka dawa mguu usiouma.

Acha nikueleze kinachotokea pale kaunta. Ndani kabisa ya ubongo mna sehemu ndogo yenye umbo kama lozi. Wataalamu huiita amigdala, na jina lenyewe kwa Kigiriki ni hiyo lozi. Kazi yake ni kupiga king'ora. Haisomi wala haijui kuhesabu, na haitofautishi nyoka aliye njiani na muuza duka anayekukaribisha. Inachojua ni kwamba hapa mbele kuna hatari. Ikishapiga king'ora, homoni ya adrenalini humwagika kwenye damu: moyo unakwenda mbio ili misuli ipate damu ya kukimbilia, mikono inapoa kwa sababu damu imepelekwa kwingine, mate yanakauka kwa sababu mwili hauna haja ya kusaga chakula wakati unajiandaa kutoroka. Vyote ulivyoniandikia ni mwili mzima wenye afya unaofanya kazi yake, ila mahali pasipohitajika.

Sasa sikiliza sehemu ambayo watu wengi hawaambiwi. Hofu ya namna hiyo, ukisimama nayo bila kukimbia, hupanda, hufika kileleni, halafu hushuka yenyewe. Haiwezi kupanda bila mwisho. Mwili huchoka kuogopa. Kwa kawaida ni suala la dakika, si la saa. Lakini wewe hujawahi kuiona ikishuka, kwa sababu kila ilipokaribia kilele ulinyoosha kidole, ukalipa, ukatoka. Na ulipofika nje ulipumua, si ndivyo? Ile pumzi ya nafuu ndiyo iliyokuharibia. Ubongo wako umejifunza somo: "Tumeponea chupuchupu, na tuliponea kwa sababu tulikimbia." Safari ya pili king'ora kikalia mapema zaidi, ya tatu mapema zaidi tena. Kukimbia kunalipa papo hapo, na deni lake hulioni mpaka safari inayofuata.

Ndiyo maana nasema doti tatu ndizo barua. Ulidhani unanunua kanga. Ulikuwa unalipa nauli ya kutorokea, tena kwa heshima, maana nani atamshangaa mama aliyeingia duka la kanga akanunua kanga?

Na ukiniuliza unatoroka nini hasa, sidhani ni kukataliwa. Unakaanga chapati barabarani. Kukataliwa unakujua kuliko mimi. Mteja akikuambia chapati zako leo nene, hulii, unamwambia kesho nitazipiga nyembamba. Unachokiogopa ni kuonekana. Kwa zaidi ya miaka 30 daftari lako halijashindwa hata siku moja, kwa sababu halijaenda popote. Ndani yake wewe ni mtunzi bora wa kanga Tanga nzima, na hakuna wa kukubishia. Siku utakayolifungua mbele ya mtu mwingine utakuwa mtunzi wa kawaida mwenye majina mengine mazuri na mengine ya hivi hivi. Hilo linauma hata kwa mtu anayesifiwa. Unapoteza kitu kweli, nisikufiche.

Kuna kichekesho hapa, na sijui kama umekiona. Umechagua sanaa ambayo mtunzi wake haonekani. Kanga haina sahihi ya aliyeandika jina. Mwenye maneno ni yule aliyeivaa, naye anaweza kuruka akasema mimi nimeinunua tu, sikuisoma. Mke mwenza anapita mbele ya mwenzake na maneno mazito mgongoni, hakuna wa kumshtaki. Mwanamke wa pwani kasema hivyo miaka na miaka, anasema bila kusema. Nadhani ndicho kilichokuvutia tangu usichana. Lakini ili ufike kule mafichoni lazima upite mlango mmoja tu ambapo utaonekana, nao ni ile kaunta.

Mumeo anasema kanga zinatungwa na wenye viwanda. Hapo amekosea, na si yeye peke yake. Kiwanda kinachapa. Maneno hutoka kwa watu. Kanga za mwanzo, mwishoni mwa karne ya 19, hazikuwa hata na maandishi. Mji, pindo, basi. Jina lilikuja baadaye, na zipo zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla herufi za Kirumi hazijatawala. Mmoja wa waliosambaza sana kanga zenye majina ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye bibi zetu walizijua kanga zake kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Yeye alikuwa na duka, si kiwanda. Kila jina ulilowahi kulisoma mgongoni mwa mtu, kuna binadamu alikaa mahali akaliwaza. Pengine mwenye duka, pengine mteja wake, pengine mwimbaji wa taarab aliyepitisha kijembe kikaokotwa. Kwa nini asiwe mkaanga chapati, sijaona sababu.

Dada yako naye na habari ya umri. Sitaki kukupa hadithi za watu maarufu, kwa sababu huwa zinasimuliwa vibaya: mtu alikuwa maskini, akathubutu, akawa nyota. Lakini moja nitaitumia, kwa ajili ya tarehe zake tu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, akawa anauza vyungu alivyofinyanga mama yake. Alihamia mjini mwaka 1911. Alikwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Toa mwenyewe: miaka 17. Watu husimulia sauti na santuri, wanaruka ile miaka 17 ya kufundishwa, kuimba kwenye hafla za watu na kurudi nyumbani usiku. Alipopanda meli ya Bombay alikuwa na umri wako wewe.

Na aliyeandika wasifu wake ni mtu wa hapa hapa kwetu, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani. Naye alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, akabaki mtumishi wa serikali sehemu kubwa ya maisha yake, na vitabu vikaandikwa pembeni ya kazi. Namtaja kwa sababu najua kuna sauti ndani yako inayosema ukiwa mtunzi wa kweli utatupa kikaango. Usikitupe. Kikaango ndicho kitakachokuwezesha kushindwa bila watoto kulala njaa, na mtu anayeweza kushindwa bila kuangamia huthubutu zaidi ya yule aliyechoma mashua zake.

Sasa yangu, ili usidhani nakuhutubia kutoka juu ya mnazi. Nilipokuwa na miaka 24 niliandika shairi la beti nane, nikalitia kwenye bahasha ya gazeti moja, nikabandika stempu. Bahasha ikakaa kwenye sanduku langu la nguo miaka miwili. Nilikuwa najiambia nasubiri moyo utulie. Moyo haukutulia, kilichotokea ni kwamba stempu zilipanda bei. Siku niliyogundua hivyo nilikasirika kuliko nilivyowahi kuogopa, nikaenda posta nikaongeza stempu ya pili juu ya ile ya kwanza iliyokwishageuka manjano, nikatumbukiza. Likachapwa. Ubeti wa tatu walikosea neno moja, mizani ikapungua. Nikangoja mtaa mzima unicheke. Alitokea mzee mmoja tu, muuza kahawa, akanisimamisha na birika lake mkononi akaniambia, "Binti, ubeti wa tatu mstari wa pili una mizani saba." Basi, akaenda zake na vikombe vyake vinagongana. Nilikuwa nimeogopa macho ya Tanga nzima kwa miaka miwili, kumbe Tanga nzima ilikuwa na mambo yake.

Hicho kituko unachokiogopa, mdogo wangu, kinahitaji watu wenye nafasi ya kukutazama. Watu hawana nafasi hiyo. Watasema siku mbili, wiki haiishi atatokea mwenye habari kubwa kuliko yako.

Nije kwenye njia, maana hujaniandikia upewe saikolojia tupu. Na nitakuambia zote pamoja na ubaya wake.

Njia ya kwanza ni ile unayoijaribu: kumpelekea mwenye duka majina ili ayatumie kwenye toleo lake. Ni ya bei rahisi kwako, na ndiyo itakayokufikisha haraka kwa yule mwanamke usiyemjua barabarani. Ubaya wake ni kwamba maneno matupu ni rahisi kuchukuliwa na vigumu kulipwa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi iliyowekwa katika umbo, kama mchoro wako wa pindo na mji, na ulinzi huo unaanza pale unapoichora. Lakini sentensi fupi ya maneno matano ni vigumu kuidai ni yako peke yako, na ikiwa ni methali ya wahenga ndiyo kabisa, hiyo ni ya wote. Kwa hiyo usipeleke kaunta buku zote mbili. Peleka kurasa tatu zenye michoro kamili, na nakala ubaki nazo zikiwa na tarehe. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, husajili kazi kama hizo, na usajili ni ushahidi mzuri ikitokea ugomvi. Lakini usajili usiwe kisingizio kipya cha kukawia. Nakuona unavyotabasamu.

Njia ya pili ni kuagiza kiwandani kanga zako mwenyewe. Hii nakukataza kwa sasa, kwa herufi kubwa za kanga. Kiwanda hakianzishi mashine kwa doti kumi, kinataka mzigo. Kila rangi katika mchoro ina skrini yake na gharama yake ya matayarisho, ndiyo maana kanga nyingi zina rangi chache tu. Hiyo 380,000 itamezwa kabla hujaona kitambaa, na utashawishika kugusa kikoba. Hisa za kikoba zimefungamana na fedha za wenzako. Ndoto ikishakuwa deni la watu haiwi ndoto tena, unaanza kuzikwepa njia unazopita wanakikundi.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda, na nitaikalia kidogo. Hapa kwetu hakuna harusi isiyo na sare. Akina mama kumi na wawili wanataka wafanane siku ya kuingia ukumbini, wanahangaika wiki tatu kutafuta kanga yenye jina linalosema wanachotaka kukisema, hawaipati, wanachukua iliyopo. Hao ndio wateja wako wa kwanza. Huhitaji kiwanda. Unahitaji kitambaa cheupe cha marekani, fundi wa batiki au wa kuchapa kwa skrini ya mkono, rangi mbili, na jina moja lililotungwa kwa ajili yao. Itakuwa si kanga ya dukani, rangi pengine zitapishana kidogo kutoka kipande hadi kipande, na bei yake itapita ya kanga ya kawaida, waambie mapema. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, wana ofisi Tanga. Nenda ukaulize mafunzo yao ya karibuni, na wakikufundisha batiki utajua mwenyewe kipi kinawezekana na kipi hakiwezekani. Ila nakuapia, sufuria ya rangi isirudi jikoni kwako kamwe, hata ukiisugua kwa majivu siku saba. Kemikali za batiki huunguza ngozi na si za tumboni. Vaa glovu, fanyia uwanjani.

Ukitenga 80,000 kwa jaribio hili na ukasema ikiisha imeisha, bado kibubu kina uzito. Weka ukomo huo leo, kabla hujaanza kupenda matokeo.

Njia ya nne ni kuacha. Umeniuliza na unastahili jibu. Kuacha si dhambi. Kuna watu ambao kutunga kwenyewe ndiko raha yao, na kupeleka sokoni kunawaharibia. Ukijaribu njia hizi mwaka mmoja ukaona unachukia daftari lako, lirudishe kabatini liwe lako peke yako, na hakuna kilichopotea. Lakini jambo unalotaka kuliacha sasa hivi hujalifanya bado. Umefanya safari tatu za kununua kanga.

Kuhusu mumeo. Sitamwita adui, kwa sababu simjui, na wewe mwenyewe umeandika kwamba aliomba radhi. Mara nyingi mwanamume anayesema "wewe si wa mambo hayo" anaogopa fedha, au anaogopa kuchekwa pamoja nawe, na hana maneno ya kusema hivyo. Usimwendee na ndoto, mwendee na hesabu. Mwambie: fedha zangu za chapati, kiasi hiki, mpaka mwezi huu, kikoba sigusi. Halafu usiombe asifu. Ruhusa ya kutosifiwa itakupunguzia ugomvi mwingi. Lakini kuchana kurasa siyo jambo dogo, nami silipiti hivi hivi. Kama lilitokea mara moja na likaisha, sawa. Kama yapo mengine, kama kuna kipigo, vitisho, au kunyang'anywa fedha zako, hapo si suala la kanga. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata yako au dawati la jinsia kituo cha polisi, uzungumze na mtu uso kwa uso.

Na usingizi. Umeutaja kwa sentensi moja mwishoni kama mtu anayetaja mchuzi uliobaki, lakini mimi nauona. Moyo kudunda dukani nimekwisha kukueleza. Moyo kudunda ukiwa umekaa tu, usingizi kukatika usiku wa manane, jasho la ghafla, katika miaka 48, pengine havihusiani na ndoto hata kidogo. Huu ndio umri wa kukoma hedhi kwa wengi wetu, na mabadiliko yale hufanya hivyo hasa. Inaweza pia kuwa presha, upungufu wa damu, au tezi ya shingo. Na kama kwa wiki mbili au zaidi umekosa raha hata kwa vitu ulivyovipenda, chakula hakipiti, unaona huna thamani, au yanakujia mawazo ya kutaka kufa, usisubiri barua yangu nyingine. Kapimwe. Anzia zahanati ya karibu, au nenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, useme waziwazi: nina hofu na silali. Sonona na hofu iliyozidi zina tiba, ya mazungumzo na ya dawa, na mtu hawezi kuvuka kaunta akiwa anabeba ugonjwa.

Ukishapimwa, turudi dukani.

Utaanza mbali na duka. Wiki hii chukua ukurasa mmoja umwonyeshe mtu mmoja asiye ndugu yako, asiye na sababu ya kukusifu wala kukukatisha tamaa. Mteja wako wa chapati anayependa kanga anafaa sana. Usimwulize "ni nzuri?" Hilo swali lina jibu moja tu la adabu. Mwulize: "Ungemvalia nani?" Akicheka, akitaja jina la mtu, kanga imefanya kazi. Rudia kwa watu wengine wawili watatu mpaka uone mkono hauchezi unapofungua daftari. Usiruke hatua hii ukidhani ni ya kitoto. Ubongo wako unajifunza kwa kuona, hauelewi hotuba.

Kisha nenda duka lile lile. Safari hii usipeleke daftari. Na usipeleke fedha, hata senti. Nauli ukiihitaji mpe mwanao akusubirie nje. Nakunyima njia yako ya kutorokea kwa makusudi. Utasimama kaunta, utaulizwa nikupe ipi, moyo utapanda, na hutakuwa na cha kununulia. Sema hivi, umekariri nyumbani: "Leo sinunui. Mimi natunga majina ya kanga, nataka kujua nani huwachagulia ninyi majina." Huombi chochote hapo. Unauliza swali la mtu wa kazi kwa mtu wa kazi mwenzake. Halafu kaa. Tazama mitumba ya doti ilivyopangwa, soma majina kimoyomoyo, mpaka uhisi moyo umeanza kushuka. Usitoke kabla haujashuka. Hata akikujibu vibaya, hata asipokujibu, kazi uliyoendea ni hiyo ya kuuona moyo unashuka. Daftari utalipeleka safari ya pili au ya tatu, ukiwa mgeni anayejulikana.

Kuhusu ule ukurasa ulionitumia. Mji wake una jiko la mkaa na moshi unaopinda kwenda kushoto, pindo ni mafungu ya mihogo, na chini umeandika MOSHI NI WA KWANGU, WEWE UNAKOHOA NINI. Nilicheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuniangalia. Ila ni refu. Jina la kanga hukaa mstari mmoja, na anayelisoma anakwenda zake. Kata iwe MOSHI WANGU, WAKOHOA NINI. Na ule moshi uupeleke kulia, uelekee huko maneno yanakokwenda.

Usiende Jumatatu. Nenda katikati ya wiki, kama saa tano, chapati zimekwisha na duka halijajaa. Fedha acha nyumbani.